Picha za ubongo na mgonjwa wa wasiwasi wa Zombe

WATAALAMU wa magonjwa ya akili wamehangaika kwa miaka mingi na swali moja: ni mgonjwa yupi wa wasiwasi uliokithiri atakayepona kwa tiba ya mazungumzo, na ni yupi atakayehitaji dawa?

Mnamo 2013, watafiti wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani walichapisha matokeo kuhusu wagonjwa 39 wenye hofu ya kuchangamana na watu. Kabla ya tiba, wagonjwa hao walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI huku wakionyeshwa nyuso zenye hasira. Wale ambao sehemu za ubongo zinazohusika na kuona zilishtushwa zaidi na nyuso hizo ndio walionufaika zaidi na mazungumzo.

Miaka miwili baadaye, wenzao wa Uswidi walichambua kwa kompyuta picha za wagonjwa 26 na kubashiri hali zao za mwaka mmoja baada ya tiba kwa usahihi wa asilimia 92.

Ni matokeo ya kutia moyo, ila watu 26 hawajazi hata matatu mawili. Aghalabu usahihi wa aina hiyo hupungua kanuni ile ile inapojaribiwa kwa wagonjwa wengine.

Sasa tumfikirie mkulima wa Zombe, Kitui Mashariki. Huyu hasemi ana ugonjwa wa wasiwasi. Husema moyo unamwenda mbio, usingizi umepaa na kichwa kinamgonga, naye huenda akapewa tembe za maumivu akarudi nyumbani.

Aidha, hofu yake ina sababu. Kiangazi humwangamizia mifugo, na uhasama baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia umewahi kumwaga damu katika eneo hilo. Mashine huonyesha ubongo ulioshtuka. Haiwezi kusema iwapo nje kuna mtu mwenye bunduki.

Isitoshe, ubashiri humfaa mwenye tiba mbili za kuchagua. Wengi vijijini hawana hata moja. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa.

Na tiba ya bei nafuu ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulihusisha wanawake 421 jijini Nairobi waliokutana mara tano na wahudumu wa kijamii wasio wataalamu, na dhiki yao ikapungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Katika jirani yetu Makueni, taasisi aliyoianzisha Profesa David Ndetei imewafunza wauguzi, viongozi wa dini na hata andu awe, yaani waganga wa jadi, kumtambua mgonjwa wa akili.

Kilichosalia ni kumjua mapema asiyepata nafuu, na hapo wanasayansi wa MRI wameuliza swali la maana. Lakini Zombe swali hilo laweza kuanza kujibiwa kwa karatasi. Dodoso la maswali saba lililobuniwa mwaka wa 2006 hupima ukali wa wasiwasi kwa dakika chache. Mhudumu akilirudia kila mkutano, na alama zisishuke kufikia mkutano wa tatu au wa nne, atajua kwamba mgonjwa huyo apelekwe mbele.

Bajeti ya kaunti ndiyo itakayosema ni nani atakayempokea huko Kitui mjini, na nauli yake italipwa na nani.