Mbuzi si benki

Mwenye akiba kidogo Butembo, Kivu Kaskazini, hakosi mzee wa kumshauri: kijana, nunua mifugo, shuka Beni, ardhi ipo na nyasi ni bure. Mifugo ni benki. Shauri hili limerudiwa mpaka limekuwa kama sala, na limewaponza wengi.

Naelewa lilikotoka. Huko juu Lubero, shamba la babu limegawanywa na kugawanywa mpaka sehemu ya kijana haitoshi hata kumfunga mbuzi. Ndiyo maana familia nyingi zimeshuka Oicha, Eringeti na bonde la Semuliki kuanza upya.

Lakini hiyo nyasi ya bure ina wenyewe. Ng'ombe aliyekulia kwenye baridi, ambako kupe ni wachache, mfikishe bondeni kisha mfunue sikio: kupe wa kahawia wamejipanga kama punje za mtama. Baada ya wiki mbili hivi tezi chini ya sikio limevimba, mwili unachemka. Mwisho anahema kwa shida, povu likimtoka puani. Hiyo ni ndigana kali. Asipokufa nayo, kuna mbung'o. Nyasi ni bure, ndiyo. Dawa ya kuogesha si bure.

Wengine husema, basi fuga nguruwe, anazaa haraka. Anazaa, mpaka homa ya nguruwe ya Afrika iingie kijijini. Haina tiba. Banda lililokuwa na kelele asubuhi ya Jumatatu linaweza kuwa kimya kabla ya wiki kwisha.

Tuje kwenye benki yenyewe. Benki hukupa fedha siku ya shida. Mbuzi je? Mwezi wa tisa, karo ya sekondari ikidaiwa, kila mzazi anapeleka mbuzi wake sokoni na bei inaanguka. Na tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuitikisa Beni, mara ngapi watu wamekimbia usiku na mtoto mgongoni, banda likabaki wazi? Hali ya dharura ilitangazwa Kivu Kaskazini Mei 2021, watu wakaendelea kukimbia. Benki gani hiyo, inayofungwa siku ile ile unayoihitaji?

Utaniambia jirani yako alisomesha watoto kwa mbuzi. Sibishi. Ila muulize jirani huyo alizika wangapi kabla ya hao waliolipa karo. Tunawahesabu waliouzwa, hatuwahesabu waliokufa.

Sisemi watu waache kufuga. Nasema mifugo ni kazi, na kazi huanza kwa kujifunza. Anza na kobayi, ambao wengine huwaita simbilisi: mimba yao ni siku sabini hivi, wanakula majani ya nyuma ya jiko, na siku ya kukimbia wanaingia kikapuni. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na hakuna kikapu cha kumbeba.

Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye kitivo cha udaktari wa mifugo. Kutoka hapo hadi Beni ni kama kilomita 54 tu, lakini elimu hiyo ikibaki mjini, kwa mfugaji wa Eringeti ni sawa na kuwa Ulaya. Kwa hiyo, wazee wetu, kabla ya kumkabidhi kijana kamba ya ng'ombe, mpeni kwanza namba ya simu ya daktari wa mifugo. Kama hamna namba hiyo, msimwambie ni benki.