Mji Mkongwe: Kibali peke yake hakizibi ufa



Natoa maoni yangu juu ya hifadhi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wetu ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, wako wananchi wanaoilalamikia Mamlaka kwamba kazi yake ni kuwasumbua watu kwa vibali. Mtu akitaka kubadili dirisha aombe ruhusa, akitaka kuongeza ghorofa akataliwe. Mimi nasema vibali hivyo vina faida.

Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje, lakini saruji huufungia ndani ya ukuta. Fundi asiyejua akipiga plasta ya saruji, nyumba itapendeza kwa muda huku ukuta unaoza ndani. Tena nyumba nyingi zimeegemeana, na ubovu wa moja humfikia jirani. Ndiyo maana haifai kila mtu ajiamulie, na lazima kiwepo chombo cha kukagua, kushauri na kuzuia.

Lakini tuseme kweli, ndugu Mhariri. Kibali kwa asili yake humkuta anayejenga. Yule anayeiacha nyumba yake ilowe haombi kibali kwa mtu yeyote. Bati likitoboka, maji huingia kwenye ncha za boriti, boriti zikaoza, dari ikashuka na ukuta ukapasuka. Uharibifu huo hauna mhandisi wala ramani, nao huanza na tundu ambalo lingezibwa kwa siku moja.

Basi nani azibe tundu hilo? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, nyingine ni mali ya wakfu, na nyingine ni za watu binafsi. Mpangaji husema nyumba si yake. Mwenye nyumba naye husema kodi ni ndogo, haitoshi hata kununua boriti. Wote wawili wana hoja, lakini mvua ya masika haisubiri wamalize kubishana.

Tunao mfano mkubwa. Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka. Tarehe 25 Desemba, 2020, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Siku hiyo jumba lilikuwa katika matengenezo makubwa. Hakuna asiyelijua jengo lile, na lilikuwa chini ya Serikali yenyewe, lakini tiba ilikuta ugonjwa umekwisha enea. Ikiwa hayo yalilipata jumba kubwa, nyumba ya uchochoroni itapona vipi?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwaka kabla ya masika ufanywe ukaguzi wa mapaa, nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba wapewe muda maalumu wa kuziba. Pili, sehemu ya kodi ya nyumba za Serikali na za wakfu itengwe kwa matengenezo ya nyumba hizo hizo. Tatu, chokaa na boriti zipatikane kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida anaimudu, na mafundi waashi wa zamani wapewe vijana wa kuwafundisha, kwani fundi akifa na ujuzi wake hata fedha za wafadhili hazitatusaidia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa miaka mia moja na zaidi ukianguka, utakaojengwa hautakuwa ule. Na ndani ya nyumba hizo wanaishi watu.

Msomaji wako,
Ng'ambo, Zanzibar.