BUNDUKI KALI NI IPI?

Mwezi wa Aprili mwaka 2015, katika mji wa Chicago nchini Marekani, wezi walivunja behewa la mizigo lililokuwa limelazwa usiku katika uwanja wa reli, upande wa kusini wa mji. Ndani walikuta makasha ya silaha mpya za kiwanda cha Ruger, zilizokuwa zikitoka jimbo la New Hampshire kwenda mji wa Spokane, jimbo la Washington. Zikaibwa silaha 111. Uwanja huo huo ulikuwa umekwisha kuibwa silaha mwaka 2014, nao ukaibwa tena mwaka 2016. Baadhi ya silaha hizo zilikuja kuonekana baadaye mikononi mwa wahalifu.

Yafaa wanachama wajue makasha hayo yalivunjwa mahali gani. Upande ule wa kusini ndipo wanapokaa Weusi wengi wa Chicago, watu wa asili yetu, ambao babu zao walichukuliwa kwa minyororo. Silaha iliyoibwa pale haikuwa na safari ndefu. Iliingia mitaani kwao, na mtoto aliyepigwa risasi alikuwa mtoto wao.

Sasa, kila mara silaha zinapoibwa au zinapoua watu wengi nchini humo, huzuka ubishi mmoja. Magazeti huandika kwamba bunduki ni "za nguvu kubwa". Wapenda bunduki hujibu kwa hasira kwamba mwandishi hajui neno analolitumia. Basi siku hupita, watu wakibishana juu ya jina.

Na tufanye hesabu, kama ifanywavyo darasani. Risasi ya bunduki ya AR-15, ile iitwayo .223, ina uzito wa gramu 3.6 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 980 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni karibu jouli 1,700. Risasi ya .30-06, ambayo askari wa Marekani waliitumia katika vita vikuu vyote viwili na wawindaji wangali wanaitumia, huzidi jouli 3,500. Kwa hiyo mwindaji asemapo kwamba AR-15 si bunduki ya nguvu kubwa, hasemi uongo. Katika jimbo la Virginia sheria hairuhusu hata kumwinda kulungu kwa risasi ya .223, kwa kuwa ni ndogo mno.

Lakini ichukue risasi hiyo hiyo uilinganishe na ya bastola ya milimita 9, yenye jouli 500 hivi. Sasa AR-15 ni kali mara tatu na zaidi. Tena ukali wake watokana na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, na risasi ya mbio namna hiyo hupasua nyama ya mwili kupita upana wake yenyewe. Daktari anayepokea majeruhi asemapo kwamba bunduki hii ni kali, yeye pia hasemi uongo. Mwindaji apima kwa kulungu, daktari apima kwa mtoto.

Wamarekani walijaribu kulimaliza jambo hili kwa sheria. Mwaka 1994 walipiga marufuku kutengeneza na kuuza aina fulani za bunduki, lakini hawakupima nguvu ya risasi. Walizitaja kwa majina na kwa viungo vyake: kitako cha kukunja, mshikio kama wa bastola, mahali pa kufungia singe, na kadhalika. Viwanda vikaondoa kiungo kimoja au viwili, vikauza bunduki ile ile kwa jina jingine. Mwaka 2004 sheria hiyo ikaisha muda wake, wala haikufanywa upya.

Hatusemi kwamba tofauti ya bunduki na bunduki si kitu. Mwaka 2012 katika shule ya Sandy Hook waliuawa watu 26, nao 20 kati yao walikuwa watoto wadogo. Mwaka 2022 katika shule ya Uvalde waliuawa watoto 19 na walimu wawili. Kote kuwili zilitumika bunduki za namna hiyo. Mwalimu ye yote asomaye habari hizo hawezi kuambiwa kwamba ni ugomvi wa maneno tu.

Lakini tazameni hesabu nyingine. Mwaka 2019 polisi wa shirikisho wa Marekani waliandika watu 10,258 waliouawa kwa silaha za moto. Waliouawa kwa bastola walikuwa 6,368. Waliouawa kwa bunduki za raifo, kali na zisizo kali, walikuwa 364. Wengine wengi aina ya silaha haikuandikwa. Basi silaha ambayo hakuna aliyeiita "ya nguvu kubwa" ndiyo iliyozika watu wengi kupita zote.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Wakati wakubwa wakibishana bunduki kali ni ipi, nani aliyekuwa akilinda behewa? Sheria ya Marekani ilimtaka mwenye duka la silaha aliyeibiwa atoe taarifa katika muda wa saa 48. Lakini mchukuzi wa mzigo, wa reli au wa lori, hakufungwa na amri hiyo. Aliombwa tu kwa hiari yake. Mwaka 2016 ndipo kanuni ilipoeleza wazi kwamba mwuzaji aliyetuma silaha yampasa kutoa taarifa zipoteapo njiani. Silaha kiwandani ilikuwa na mwenyewe, na dukani ilikuwa na mwenyewe, lakini njiani ilikuwa kama mali isiyo na baba. Mwizi aliujua ufa huo kabla ya watunga sheria.

Sisi Waafrika tuna sababu yetu ya kuujali ubishi huu, kwa maana tulikwisha kufanyiwa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba ulisemwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na biashara hiyo ilistahili kukomeshwa. Lakini ndani yake waliigawa silaha mafungu mawili kwa sehemu kubwa ya bara letu. Bunduki mpya zenye mtutu wa mifuo zilizuiwa zisimfikie Mwafrika. Gobori la jiwe na baruti ya kawaida viliachwa viuzwe. Serikali zao za kikoloni zilibaki na haki ya kuwa na silaha zo zote zilizotaka.

Miaka 15 baadaye, katika vita vya Maji Maji, wazee wetu waliiendea boma ya Mahenge wakiwa na mikuki na magobori, wakapokewa na bunduki za mashine. Walioamua ipi ni bunduki kali na ipi si kali ndio waliokuwa nyuma ya mashine hizo. Tangu siku hiyo twajua kwamba neno katika sheria si hewa. Mwenye kushika kalamu huweza kujiwekea yeye silaha na kumwachia mwenzake kaburi.

Leo kalamu iko mikononi mwetu. Mwezi wa Aprili mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo.  Tulikubaliana kwamba silaha itiwe alama, iandikwe katika daftari, na anayeishika ajulikane. Huo ndio msingi ulio sawa, maana wahusu bastola, raifo na gobori kwa pamoja. Kukadiria ukali wa silaha na kuzipangia sheria kali zaidi ni kazi halali, nayo ifanywe kwa kipimo kinachopimika. Lakini kazi hiyo haiwezi kutangulia hesabu ya makasha.

Basi wajibu wetu ni huu. Wabunge wetu waulize, si mara moja bali kila mwaka: silaha ngapi zimeingia bandarini, ngapi zimefika ghalani, na nani alizishika katikati? Karani wa ghala ahesabu mwenyewe, asitie sahihi karatasi aliyoletewa. Na mwanachama anayejua kwamba jirani ana bunduki isiyo na kibali asijitulize moyo kwa kusema, "Ni gobori tu."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule Chicago ufa ulikuwa mlango wa behewa usiku mmoja, na ukuta wangali wanaujenga mpaka leo.