MAONI YETU: HUNDI SI FEDHA MPAKA BENKI IKUBALI

Ndugu wanachama na wananchi wote,

Jumamosi saa 4 asubuhi tunakutana mbele ya ghala kuamua juu ya mahindi yetu. Ghalani mna magunia 120, kila moja kilo 100 kwa mizani, si lumbesa. Wanunuzi wawili wamefika. Wa kwanza anatoa shilingi 700 kwa kilo, na hela inaingia kwenye akaunti ya Ushirika kabla gari halijapakia. Wa pili anatoa shilingi 760, lakini kwa hundi yenye tarehe ya wiki tatu mbele, na anataka apakie mara moja.

Maneno yamekuwa mengi kilabuni na kisimani. Wako wanaosema: "Tuchukue 760. Akituchezea tutamfunga." Sisi katika ofisi ya Chama tumeona tuseme mapema, kabla ya mkutano. Mwenye kauli ya mwisho ni mkutano mkuu wa Ushirika, si ofisi yetu. Lakini neno hili la "tutamfunga" linatamkwa kirahisi mno, na laweza kutukosesha mahindi na hela pamoja.

Hebu tuanze na hundi yenyewe. Hundi ni amri iliyoandikwa. Mwenye akaunti anaiamuru benki yake imlipe mtu fulani kiasi fulani. Noti ukiipokea umekwisha kulipwa. Hundi ukiipokea bado, mpaka benki iitii ile amri. Akaunti ikiwa tupu, benki haitii. Hundi inarudi, mara nyingi imegongwa herufi R/D, maana yake kamuulize mwenyewe aliyeiandika. Ndiyo hiyo watu wanaita hundi hewa.

Je, kutoa hundi hewa ni kosa la jinai? Jibu ni kwamba inategemea, na hapo ndipo wengi wanapopotea njia.

Hapa Tanzania Bara shtaka linalotumika kwa mambo kama haya ni kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Limo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 7. Kifungu cha 301 kinaeleza udanganyifu ni nini: ni maelezo ya uongo, kwa maneno, kwa maandishi au kwa vitendo, juu ya jambo lililopita au lililopo sasa, na anayeyatoa anajua ni uongo au haamini kuwa ni kweli.

Ndugu, lishikeni hilo: jambo lililopita au lililopo sasa. Ahadi ya kesho haimo. Mtu akisema "nina hela benki" na hali anajua hana, huo ni uongo wa leo. Akisema "nitakuwa na hela mwezi ujao" kisha asiwe nazo, hiyo ni ahadi iliyovunjika, na ahadi iliyovunjika kwa kawaida ni deni, si wizi.

Na hundi, je, inasema nini? Uingereza, ambako sheria zetu za namna hii zilitoka wakati wa ukoloni, mahakama iliamua mwaka 1874 katika kesi ya Hazelton kwamba anayetoa hundi anasema kwa kitendo chake kuwa, kwa hali ilivyo siku ile, hundi hiyo italipwa ikifikishwa benki kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo mtu hawezi kujitetea kwamba hakufungua mdomo. Karatasi yake ilisema kwa niaba yake.

Basi mbele ya hakimu upande wa mashtaka lazima uthibitishe mambo matano. Kwanza, ni yeye aliyetoa hundi. Pili, alichodai kwa hundi hiyo kilikuwa uongo siku ile ile. Tatu, alijua ni uongo au hakuamini kuwa ni kweli. Nne, alikusudia kulaghai. Tano, mali ilitolewa kwa sababu ya uongo huo. Likikosekana moja, shtaka linaanguka. Tena yathibitishwe bila kuacha shaka ya maana, kwa kuwa Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka kosa lithibitike.

Sasa tutazame utetezi anaoweza kuuleta mshtakiwa. Hatuandiki haya ili kuwafundisha walanguzi, maana wao wanayajua tayari. Tunayaandika ili mkulima naye ayajue kabla hajafungua ghala.

Wa kwanza: "Niliamini hela zipo." Pengine aliwekewa malipo yakachelewa, au benki ilikosea hesabu. Akionyesha karatasi za kuaminika, hakujua, na asiyejua hakudanganya.

Wa pili: "Aliyepokea alijua hela hazipo." Huu ndio mkubwa kwetu sisi. Mtu akitoa hundi ya tarehe ya mbele na kusema wazi kwamba hela zitaingia wiki tatu zijazo, naye mwuzaji akakubali, nani kadanganywa? Wote wawili walijua akaunti ni tupu. Mwuzaji amekopesha kwa hiari yake. Labda ithibitike kwamba mnunuzi alisema uongo mwingine, kwa mfano kutaja kampuni isiyokuwepo au akaunti iliyokwisha fungwa.

Wa tatu: "Hundi ilikuja baada ya mali." Ukimpa mtu mahindi leo kwa kuaminiana, kisha mwezi ujao akakupa hundi ikarudi, hakuyapata mahindi kwa hundi hiyo. Ni vigumu kusema aliyapata kwa uongo wa karatasi ambayo ilikuwa haijaandikwa.

Wa nne: "Niliizuia kwa kuwa mali ilikuwa mbovu." Akafungua magunia akakuta dumuzi, akaiambia benki isilipe. Huo ni ugomvi wa biashara, nao unaamuliwa kama madai.

Wa tano: "Saini si yangu." Hapo jambo linahamia kwenye kughushi, kosa zito zaidi, na anayetafutwa ni mwingine.

Lakini yapo maneno yasiyo utetezi. "Nitalipa, nisamehe" si utetezi kama uongo na nia ya kulaghai vimekwisha thibitika. Kulipa baadaye kwaweza kumpunguzia mtu adhabu, lakini hakufuti kosa lililokwisha kutendeka. Wala "mimi ni mtu mkubwa, najulikana wilayani" si utetezi.

Wako waliosema kwamba Kenya hundi ikirudi tu mtu anashtakiwa. Ni kweli wenzetu wa Kenya wana kifungu chao maalum cha hundi mbovu, namba 316A, chenye faini isiyozidi shilingi 50,000 za kwao au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Lakini hata huko sheria imeiweka kando hundi ya tarehe ya mbele kwa upande wa akaunti yenye hela pungufu. Kwa hiyo hata tungehamisha ghala letu likavuka mpaka, hundi hii tunayoletewa isingekuwa na meno tunayoyadhani.

Sasa tupige hesabu. Magunia 120 ni kilo 12,000. Kwa shilingi 700 ni shilingi 8,400,000. Kwa shilingi 760 ni shilingi 9,120,000. Tofauti ni shilingi 720,000. Wenye mahindi ni wanachama 40, kila mmoja magunia matatu. Kila mmoja ataongeza shilingi 18,000 kama hundi italipwa. Isipolipwa, kila mmoja amepoteza shilingi 210,000 ambazo angezipata kwa mnunuzi wa kwanza. Je, mama mwenye ada ya mtoto na mbolea ya msimu ujao aweke rehani 210,000 ili apate 18,000? Huo si ujasiri. Ni kamari, na anayechezeshwa ni mnyonge.

Tena hata tukishinda kesi, jela haitoi mahindi. Mahakama yaweza kuamuru fidia, lakini fidia yataka mtu mwenye kitu. Kesi ya madai nayo ipo, na kwa mkataba sheria inatoa miaka 6 ya kuifungua. Lakini nauli za kwenda na kurudi mahakamani nani atazilipa, na mbolea itangoja miaka mingapi?

Lipo jambo jingine lililotusikitisha. Msimu uliopita dalali mmoja hundi yake iliporudi, baadhi ya vijana walitaka kumfungia utingo wake ghalani mpaka hela zipatikane. Wazee wakawazuia, na wazee walifanya vyema. Kumfungia mtu ni kosa lenyewe. Utingo hana akaunti wala hakusaini kitu. Tungeanza na haki yetu tukaishia sisi ndio washtakiwa. Hundi ikirudi, njia ni hii: hundi yenyewe itunzwe pamoja na karatasi ya benki, hati ya mauzo na daftari la mizani, mnunuzi aandikiwe barua ya kumdai yenye tarehe, na nakala ibaki ofisini, ikionekana palikuwa na udanganyifu, viongozi waende polisi kuandikisha na kuchukua RB. Polisi wapewe ukweli wote, pamoja na yale yanayotuuma. Aliyekubali tarehe ya mbele asiseme hakukubali. Kumsingizia mtu jinai ili kumtisha alipe deni nako ni uovu.

Na msumeno ukate mbele na nyuma. Ushirika wetu nao una kitabu cha hundi. Watia saini wetu wasisaini hundi ya kumlipa mwenye duka la pembejeo kabla mhazini hajathibitisha salio. Wala asitokee mtia saini wa kusaini karatasi tupu "ili kurahisisha kazi" eti kwa kuwa anasafiri. Sheria tuliyoieleza haiulizi kama aliyedanganya ni bepari au ni mjumbe wa bodi.

Maoni yetu kwa mkutano ni haya:

1. Mahindi yasitoke ghalani kwa hundi ya tarehe ya mbele, hata bei ikipanda.

2. Mnunuzi wa pili aambiwe kwa heshima: bei yake ni nzuri, alete hela kwenye akaunti ya Ushirika, apakie siku hiyo hiyo. Kama hela anazo, hatakosa njia.

3. Akitoa hundi ya tarehe ya leo, ipelekwe benki, na ghala lifunguliwe baada ya benki yenyewe kusema hela zimeingia na zinaweza kutolewa. Karatasi ya kuweka hundi si hela. Ujumbe wa simu anaoonyesha mnunuzi nao si hela. Mhazini aulize benki.

4. Kila hundi isomwe mbele ya watu watatu: tarehe, jina la Ushirika, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno viwe sawa, na saini. Sisi tuliojifunza herufi kwenye darasa la jioni la watu wazima tunaweza kuisoma hundi vizuri kama mwenye digrii. Asiyejua kusoma asomewe, asione haya.

5. Mnunuzi yeyote asiitwe mwizi kabla hajakosa. Huyu wa pili pengine ni mtu mwema mwenye mtaji mdogo. Lakini wema wake hatuwezi kuupima kwa mizani ya ghala, na sisi si benki ya kumkopesha.

Ndugu wanachama, mahindi haya ni jasho letu. Tulipalilia pamoja na tukapukuchua pamoja, na hatukuwa tukimlimia mtu mkopo usio na dhamana. Mwenye maoni tofauti na aje Jumamosi ayatoe, nasi tutamsikiliza. Asiyekuja asije akalaumu kisimani.

Umoja ni nguvu. Kazi na iendelee.

Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Tawi

(Tafadhali usichane karatasi hii. Wengine hawajasoma.)