Mashine Kuukuu Zisiuzwe kwa Ratili

Sehemu kubwa ya chai inayochumwa katika vilima vya Kiriaini, mji mdogo wa Murang'a ulio karibu na mpaka wa Nyeri, hushuka mpaka kwetu Mombasa kupigwa mnada. Ndivyo mambo yalivyo tangu mnada huo ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Kuna na kitu kingine kinachopanda njia hiyo hiyo kwa upande wa pili: kompyuta zilizokwisha tumika Ulaya na Marekani, zikashushwa Kilindini, zikapakiwa malori mpaka kwenye shule na maduka ya kupiga chapa ya miji ya Mlima Kenya. Chai twajua inakokwenda. Je, kompyuta hizo zikizeeka huishia wapi?

Nyingi huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye hupima kwa mizani. Hilo ndilo tunalolipinga leo.

Ugenini wako watu wazima wenye akili zao ambao kazi yao ya jioni ni kukusanya kompyuta za zamani na kuzifufua. Baadhi yetu tutacheka, tuseme huo ni mchezo wa wenye nafasi. Lakini kompyuta ya kwanza ya Apple, iliyotengenezwa mwaka 1976 kwa idadi ya kama 200 tu, iliuzwa kwa dola 666.66, na mwaka 2014 moja kati ya hizo ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Henry Ford kwa dola 905,000. Hatusemi kwamba Kiriaini kumefichwa mali ya namna hiyo. Wala si fedha tunazozililia.

Tunalolilia ni maandishi. Sisi watu wa Pwani twalielewa jambo hili kuliko wengine, maana tenzi za wazee wetu zilikaa masandukuni kwa khati za Kiarabu, nyingine zikaliwa na mchwa. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka akiikusanya miswada hiyo, na leo hazina yake imo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mswada ule, hata ukikaa miaka mia mbili, wataka jicho tu na mtu ajuaye khati. Diski ya kompyuta sivyo. Ile nyembamba ya inchi 5 na robo, iliyochukua kilobaiti 360, ukiishika mkononi huoni hata herufi moja. Za inchi 3 na nusu bado vipo visomeo vya kuchomeka, lakini hiyo kubwa yataka mashine ya zama zake, au fundi wa kuitafutia hila. Basi mwenye kuiuza mashine kwa ratili ameuza ufunguo, na sanduku limebaki limefungwa na mashairi yamo ndani, na hesabu za ushirika, na mitihani ya shule.

Jirani zetu wa Tanzania walipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, baada ya mtambo wa Hazina kuwatia hasara. Marufuku ilikuja kuondolewa, lakini nani asiyeona kwamba mashine yoyote ya zama hizo iliyosalia kule ni adimu?

Ufundi wenyewe hauna miujiza. Betri ndogo iliyobanwa kwenye ubao mkuu huvuja na maji yake kula nyuzi za shaba. Hung'olewa, na palipochafuka husafishwa kwa siki. Kapasita zilizovimba hubadilishwa. Plastiki iliyogeuka manjano hurudishiwa rangi kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Chumvi ya bahari inayotutafunia vyuma vyetu huku haifiki Kiriaini, ingawa baridi ya kule huleta ukungu, na ukungu ni adui wa diski. Kioo cha zamani chenye tumbo kisifunguliwe na mwanafunzi: hubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa.

Vijana wa kuifanya kazi hii wapo. Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na tangu 2002 shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likitengeneza kompyuta zilizotumika na kuzipeleka mashuleni. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: hii isivunjwe.

Kwa hiyo twawaomba walimu wakuu na makatibu wa vyama vya ushirika wa Kiriaini, na wa kwetu Kilifi na Lamu pia, kwamba kabla ya kumwita mwenye mizani wafungue makabati, watoe diski, zinakiliwe. Kisha mashine moja ya kila aina iwekwe kando mahali pakavu, pamoja na nyaya zake na kitabu chake cha maelezo. Zilizobaki ziende kwa wanaojua kuzivunja bila kuzichoma moto.