Matangi ya Mafuta na Majirani Zake

Hapa Uyole, ambapo barabara kuu ya Zambia huachana na ile iendayo Tukuyu na Malawi, malori ya mafuta hupita usiku na mchana. Bomba la TAZAMA nalo, lenye urefu wa kilometa 1,710, limevuka nyanda zetu kwenda Ndola tangu mwaka 1968. Sehemu kubwa ya mafuta hayo huteremshwa Dar es Salaam, Kurasini na Kigamboni. Kwa hiyo usalama wa matangi ya ufukweni si jambo la ndugu zetu wa pwani na visiwani peke yao.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilipojengwa Kigamboni katika miaka ya 1960, pale palikuwa mashamba na vijiji vya wavuvi. Leo Kigamboni ni wilaya, na tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 nyumba zimezidi kuongezeka. Unguja nako, bohari za Mtoni ziko kando ya bahari, na mji umekwisha kuzifikia. Matangi hayakuwafuata watu. Watu ndio waliosogea kwenye matangi, na wakubwa wakatazama.

Tunakumbuka yaliyotokea Nairobi tarehe 12 Septemba 2011. Petroli ilivuja, ikaingia katika mtaro wa maji machafu, ikafika mtaa wa Sinai. Watu walitoka na ndoo kwenda kuichota. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wako wanaowalaumu marehemu kwa kuchota. Sisi tunauliza: nani aliyeacha mtaa ule ukue pale?

Jibu ni gumu kwa sababu wahusika ni wengi. Bara, EWURA hutoa leseni, NEMC hukagua mazingira, na halmashauri hupima viwanja. Zanzibar wako ZURA na ZEMA. Kila mmoja ana muhuri wake, lakini jirani wa tangi hana mwenyewe.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Bandari ilianza kujenga Kigamboni matangi 15 ya kupokelea mafuta mahali pamoja. Serikali ya Mapinduzi nayo ilikwisha kutangaza mpango wa bandari ya mafuta na gesi Mangapwani. Tunaunga mkono hatua hizo. Lakini tangi jipya lisilo na ardhi ya wazi kulizunguka litakuwa Mtoni nyingine baada ya miaka ishirini.

Hatuna budi kutaka mambo matatu. Ukanda wa wazi uandikwe katika ramani, na ofisa atakayekata kiwanja ndani yake awajibishwe. Kila kundi la matangi lizungukwe na ukuta unaoweza kuzuia mafuta yote ya tangi lililo kubwa kuliko mengine, na mitaro yake isimwage chochote baharini, kwani mafuta yakifika kwenye mikoko na mashamba ya mwani, mvuvi na mkulima wa mwani ndio watakaolipa. Mwisho, wakazi wafundishwe na kufanyishwa mazoezi pamoja na zimamoto, wajue kwamba harufu ya petroli ni amri ya kukimbia, siyo mwito wa kuchukua ndoo.

Ardhi iliyo tupu leo huonekana hasara. Siku ya moto ndiyo itakayookoa mji. Viongozi wailinde kama amana.