Goma: Mtoto mchanga mahututi, nani aamue kumuondolea mashine?

Katika hopitali za Goma, mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, ao aliyezaliwa bila kulia, anaweza kuhitaji oksijeni kwa siku nyingi. Mashine zake zinatumia umeme. Mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano mjini, umeme na maji vilikatika. Hata siku za utulivu, mashine zikiwa chache kuliko watoto, wauguzi wanalazimika kuchagua.

Kwa familia zilizohama vita, swali hili ni zito zaidi. Mama mara nyingi yuko peke yake. Baba amebaki kijijini ao hajulikani aliko. Mama anaelezwa kwa Kifaransa, kisha anatia sahihi karatasi asiyoielewa. Wengine wanamtoa mtoto hopitalini kwa sababu deni linapanda, wakati docta hajasema kama dawa zimeshindwa. Umasikini si ugonjwa, na haufai kuwa sababu ya kumuacha mtoto afe.

Kuna waamini wanaosema kuondoa mashine ni kuua. Hofu yao ina msingi: Katiba ya 2006, kipengele cha 16, inasema mtu ni mtakatifu. Lakini mashine isiyoponya tena, inayorefusha maumivu tu, kuiondoa si kuua. Ugonjwa ndio unaomchukua mtoto.

Kabla ya kufika hapo, kila njia ijaribiwe. Tangu 2022, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mtoto mwenye uzito mdogo awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mapema baada ya kuzaliwa, isipokuwa kama hawezi kupumua mwenyewe. Njia hiyo haihitaji umeme wala kuvezi.

Tumaini likiisha kweli, madocta wawili wakubaliane, kisha waeleze wazazi kwa Kiswahili ao kwa lugha yao, na kuwapa muda wa kuita mzee wa familia, padri, pasta ao imamu. Mtoto asiachwe pembeni: apewe dawa ya maumivu, apewe jina, mama ampakate hadi mwisho. Na maiti isizuiliwe kwa ajili ya deni.

Wamama, msiogope kuuliza: Mtoto wangu ana ugonjwa gani? Anaweza kupona? Mashine inamsaidia nini? Anaumia? Docta ana wajibu wa kujibu, hata kama aliyeuliza anatoka kambini na hana franga mfukoni.